Maswali Mlangoni pa Zahanati

Juzi nilimkuta kijana wa mjini, suruali bugaluu na afro ya kuchana, kasimama mlangoni pa zahanati huku Karatu. Ametumwa kupima vikwazo vinavyowazuia watu kupata matibabu, na mgonjwa hapiti bila kuhojiwa.

Akafika mzee wa Kimasai, mguu umevimba. Kwanza akamwekea kijana kiganja kichwani, kama watoto wanavyosalimiwa kwao, afro ikabonyea. Kisha akaulizia mvua, ng'ombe na wazazi.

Salamu zilipokwisha, kijana akauliza, "Mzee, nini kinakuzuia kumwona mganga?"

Saa za kazi zikawa zimekwisha; mganga akatoka, akafunga mlango, akaenda zake.

"Leo?" mzee akasema. "Ni wewe."

Kesho yake nilipita tena. Mzee alikuwa amefika mapema. Kijana naye alikuwa amewahi, kasimama palepale mlangoni.