Siku Nilipomfupisha Bibi

Iko siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natafuta pa kuuficha uso wangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, niko nyumbani likizo, kichwa kimejaa Kiswahili cha shule na majivuno ya kutosha kata nzima. Lakini ngoja kwanza nikwambie kilichoifufua, maana nilikuwa nimeizika vizuri kwa zaidi ya miaka hamsini na nilidhani nitazikwa nayo.

Naishi Brooklyn Center, kama wengi wetu tuliokuja Minnesota kusoma tukasema tutarudi mwakani. Mwakani yenyewe haijafika. Nilifanya kazi ya ukalimani hospitalini mpaka magoti yakagoma, na sasa nakaa kwa binti yangu, kazi yangu kulalamikia baridi. Mjukuu wangu Neema yuko chuoni anasomea filamu. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Akitaka kitu kwangu ndipo Kiswahili kinamjia. Jumamosi moja ya mwezi wa pili alikuja na Kiswahili kingi, nikajua kuna jambo.

"Babu, please, twende Richfield. Kuna filamu pale library. Nita-drive mimi."

"Filamu ya nini?"

"Ya watu wa Australia, wale wa mwanzo. Walivyouliwa."

Nikamwambia mtu wa umri wangu hatolewi kwenye blanketi kwenda kutazama vifo. Huku nasema hivyo, nikawa natafuta koti. Mjukuu akikuomba utafanyaje?

Filamu ilianza na maandishi ya kuwaonya Waaborijini, wale wenyeji asilia wa Australia, kwamba wataona sura na kusikia sauti za watu waliokwisha kufariki. Kumbe kwao hilo ni jambo zito, halifanywi bila mtu kuambiwa. Nikaipenda heshima ile. Kisha akatokea mama mmoja mzee, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mto mkavu, akaanza kusimulia kwa lugha yake aliyoyapokea kutoka kwa bibi yake. Walowezi walikuja alfajiri wamepanda farasi, wana bunduki, wanataka ardhi ya kulishia ng'ombe. Wakawakuta watu wamelala kando ya maji, wakawaua. Bibi yake alikuwa mtoto, akajificha kwenye matete. Na wauaji, walipoandika ripoti yao, waliandika tu kwamba wenyeji "wametawanywa."

Mama yule hakuwa na haraka. Alinyamaza, akanyoosha kidole mahali, akasema, akanyamaza tena. Kamera ilimngoja. Hakuna aliyemkata, na kila alichosema kiliandikwa chini ya picha mpaka neno la mwisho. Machozi yakanitoka. Neema akanishika mkono akidhani ni huruma. Huruma ilikuwepo, mwanangu, sikatai, lakini kilichoniliza hasa ni wivu, na nyuma ya wivu ilikuwepo aibu.

Tulipoingia kwenye gari, theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Neema hakuwasha gari. Akaniuliza, "Babu, na sisi? You always say Wajerumani waliua watu kijijini kwenu. Ya kwetu iko wapi?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu alikuwa ameshika usukani, ananingoja nijibu.

"Ilikuwepo," nikasema. "Niliiharibu mimi."

Nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Kwetu ni kusini mwa Tanzania, huko vilikopita vita vya Maji Maji. Vita vilipokuwa vinaisha, askari wa Mjerumani walipita wakichoma nyumba na maghala ili waliobaki wafe kwa njaa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na miaka sita au saba. Watu wa kwao walikuwa wanakimbilia mlimani, wakakutwa njiani, kati ya kivuko cha mto na mwamba mkubwa, wakauawa. Dada yake alikuwa amemtumbukiza kwenye shimo la mtego wa nguruwe pori na kumfunika kwa majani. Dada huyo hakufika kwenye mwamba.

Bibi hakuwahi kuisimulia habari hiyo amekaa. Aliitembea. Kila mwaka kabla ya kupanda, alianzia kivukoni na fimbo yake, sisi watoto wa ukoo tukimfuata, na kila mahali alipoanguka mtu alisimama. Alimtaja jina lake, akamtaja mzazi wake, akasema alikuwa amebeba nini. Huyu chungu cha mbegu. Huyu mtoto mgongoni. Huyu hakubeba kitu, alikuwa mzee, yeye ndiye aliyebebwa. Akisha kumtaja anangoja kidogo, halafu anaendelea. Safari ya dakika kumi ilichukua karibu saa nzima. Sisi watoto tulichoka, tukafinyana na kuchekana, tukiwaza mihogo ya kuchoma iliyotungoja mwambani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi mwaka ule wa likizo yangu wakaja watu wawili kutoka Dar es Salaam, bwana mmoja mwenye miwani na mpiga picha wake. Walikuwa wanatengeneza filamu ya wazee na vita vya mkoloni. Bibi Kiswahili alikisikia kidogo, kukizungumza hakutaka. Nikateuliwa mkalimani. Nilipaka mafuta mpaka magotini, nikavaa suruali ya shule. Yule bwana akanivuta pembeni akaniambia filamu ni ghali, mkanda mmoja ni dakika kumi tu na iliyobaki ni michache, kwa hiyo nimwambie bibi afupishe.

Sikumwambia. Nani angemwambia Bibi afupishe? Nikajipa moyo kwamba mambo yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga. Kosa langu la kwanza ni hilo, na ni kosa la woga.

Bibi akaanza kivukoni. Akasimama, akataja, akangoja. Akasogea. Mahali pa tatu yule bwana akaniuliza, "Anasema nini?"

"Anataja majina tu, mzee," nikamjibu.

Majina tu! Ulimi wangu huu huu, mwanangu. Yule bwana akatoa ishara kwa mkono, kamera ikazimwa, na kinasa sauti kikazimwa pia. Bibi hakujua. Mgongo umempinda, macho yako chini kwenye njia, akaendelea mahali kwa mahali, akiwataja watu wake mbele ya kamera iliyolala. Mimi nilijua. Nilitembea kando yake nikimwitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza.

Alipofika mwambani akakaa, anahema. Yule bwana akaangalia saa yake. "Sasa kijana, kwa ufupi, bibi amesema nini?"

Nikasema, "Anasema watu wengi walikufa."

Wakafurahi. Wakawasha mitambo, wakanirudisha niseme tena vizuri, kwa sauti. Nikasema vizuri. Wakamwachia Bibi sukari na kanga, wakaondoka na gari lao, na mimi nikabaki nimetuna kifua nikitegemea kusifiwa.

Bibi alikuwa ananitazama. Nimekwambia Kiswahili alikisikia kidogo, na maneno yangu manne hayakuhitaji usikivu mwingi. Akaniambia kwa kilugha chetu, taratibu, bila hasira, na ingekuwa heri angenichapa:

"Nimewaleta mmoja mmoja toka mtoni. Wewe umewatupa wote shimo moja."

Nikajitetea. Nikasema watu wa filamu hawakuwa na nafasi.

"Na wewe," akaniuliza, "ulikuwa unawahi wapi?"

Sikuwa nawahi popote. Nilikuwa likizo.

Hakunisemesha tena habari hiyo, nami sikuomba msamaha, nikijiambia nitamwomba likizo ijayo. Alifariki nikiwa shuleni. Mwaka uliofuata tukahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, njia ya kivukoni ikaota nyasi, na hakuna aliyeitembea tena. Baba zangu wadogo walijua kipande kipande, kila mmoja akidhani mwenzake anajua kilichobaki. Nao wamekwisha kuondoka. Filamu niliiona baadaye Dar es Salaam. Bibi anatokea muda wa kupumua mara mbili tatu, midomo inacheza, sauti hakuna. Juu ya sura yake kijana mmoja anasema kwa Kiswahili safi kabisa kwamba watu wengi walikufa.

Mungu naye ana namna yake ya kumfundisha mtu. Hapa Minneapolis, nilipoanza ukalimani wa hospitali, siku ya kwanza ya mafunzo tuliambiwa: kila kinachosemwa lazima kitafsiriwe. Hupunguzi, huongezi. Mgonjwa akilia akasema "mama yangu" mara tatu, na wewe unasema mara tatu. Wala husemi "anasema ana maumivu." Unasema "nina maumivu," unakuwa mdomo wake. Wenzangu waliandika, mimi kalamu ilinikatikia mkononi. Miaka yote nimetafsiri kila kikohozi cha watu wa watu. Bibi yangu mwenyewe nilimpa maneno manne.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho. Vioo vya gari vilikuwa vimefunikwa na theluji. Akauliza, "Unakumbuka majina mangapi?"

Nikafikiri. Nikamtajia manne. La tatu sina hakika ni la mtu au la mahali alipoangukia.

"Tupige simu nyumbani," akasema. "Lazima kuna mtu anajua."

Kesho yake, tulipotoka kanisani, akampigia mtoto wa mdogo wangu anayeishi kule kijijini, akaniwekea simu kwenye spika. Nikamweleza kijana ninachotafuta. Nilimsikia akifurahi.

"Aa, baba mkubwa, ondoa shaka! Mambo ya Bibi hayajapotea. Tumeweka kumbukumbu kabisa pale mwambani, ya saruji. Wanafunzi wanapelekwa kila mwaka. Maneno tuliyatoa kwenye ile filamu yako. Ngoja nikutumie picha."

Moyo wangu uliruka, mwanangu. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa mtu aliyesamehewa. Niliwaza pengine zilikuwepo sehemu ambazo sikuziona, pengine kinasa sauti hakikuzimwa sawasawa.

Picha ikaingia. Bamba la saruji limepakwa chokaa, limezungushiwa maua, kazi nzuri ya watu wenye mapenzi mema. Herufi nyeusi kubwa. Neema akazisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisoma Kiswahili bila kujikwaa:

"Hapa watu wengi walikufa."

Akainua macho. "Watu gani, Babu?"

Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa mkono wangu mwenyewe, nimepaka mafuta na kuvaa suruali ya shule. Mjerumani hakuandika majina yao kwa sababu hakuyajua. Mimi niliambiwa.

Sasa sikia, mwanangu. Mkubwa wako akianza kusimulia, usimwambie afike kwenye mambo yenyewe. Pale unapoona anazunguka ndipo penye mambo yenyewe. Simu yako haina mkanda wa dakika kumi, kwa hiyo iwashe na umwache achoke mwenyewe. Ukipewa kazi ya kuyapeleka maneno ya mtu kwa watu wengine, yapeleke yote, hata kama waliokutuma wanaangalia saa. Ukisikia mtu anasema "wengi," muulize ni akina nani, na umuulize mapema angali anakumbuka. Na ardhi hii ya Minnesota tunayoikanyaga kwenda kazini ina wenyewe, nao waliuawa na kufukuzwa. Bado wana wazee wanaotaja majina. Ukialikwa kuwasikiliza, nenda, ukae mpaka mwisho. Kuomba msamaha nako usikuahirishe mpaka likizo ijayo.

Mwenyezi Mungu akupe sikio lisilochoka na ulimi usiopunja. Akuwekee wazee wako mpaka wamalize kusema. Na siku mjukuu wako atakapokutazama akuulize "watu gani?", usikae kimya kama mimi. Umtajie mmoja mmoja. Amina.