Sauti Tatu za Mzee Tofali

Mchora mabango alipoteza masikio akiwa na miaka tisa. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu, na siku alipoinuka kitandani aliwaona watu wa nyumbani wanafungua vinywa bila kutoa kitu. Alidhani wanamtania. Dada yake, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeelewa wa kwanza, akachukua chaki akaandika sakafuni: "Hunisikii?" Tangu siku hiyo hawakuachana. Walijitungia ishara zao za jikoni kabla hawajajifunza zile za shule ya viziwi, na mpaka leo wakigombana wanarudia zile za jikoni, maana ndizo zenye matusi mazuri.

Alikua akawa fundi wa herufi. Mwenye duka la dawa, kinyozi, mwenye gereji, wote walimtafuta yeye. Ndivyo alivyofika kwenye uwanja wa shule moja ya sekondari kuchora ubao wa matokeo. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wanacheza besiboli, mchezo ambao hakuwahi kuuona: mmoja anarusha mpira, mwingine anausubiri na gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne. Lakini kilichomfanya asahau brashi mkononi, mpaka rangi ikamchuruzikia kwenye kiatu, ni mwamuzi. Yule bwana hakupuliza filimbi hata mara moja. Alikunja ngumi, mkimbiaji akatoka. Alitandaza mikono kama anayekung'uta shuka, mkimbiaji akabaki. Uwanja mzima ulikuwa unasoma mikono ya mtu mmoja.

Jioni ile alimwambia dada yake kwa ishara, "Nimeiona kazi yangu."

"Kazi unayo," dada akamjibu, "na bango la kinyozi hujalimaliza."

Mwalimu wa michezo wa shule ile alimfundisha uamuzi misimu miwili. Alipohamishwa, alimwachia zawadi moja: alimwingiza kwenye kundi la simu la waamuzi wa besiboli. Walikuwa watu arobaini na watatu, wa miji mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana. Mwanzilishi alikuwa karani wa mahakama, mama wa makamo asiyependa fujo, ambaye baada ya kazi na siku za mapumziko alisimamia mechi za wasichana. Masharti yake yalikuwa machache. Kosa la mwenzako usilete, lete lako. Timu zisitajwe. Na mgeni akiuliza, asichekwe.

Mchora mabango aliandika humo kama alivyochora, kila nukta mahali pake, wakambatiza jina la Kalamu. Hakuna aliyemuuliza habari za masikio, naye hakusema. Maisha yake yote watu walimjua kwanza kuwa ni kiziwi, ndipo wakajua mengine kama nafasi ilibaki. Humo alikuwa mwamuzi tu. Aliuficha utamu huo kama mtoto anayeficha peremende shavuni.

Taabu ilikuwa moja. Nusu ya kundi hawakuandika, walituma sauti. Na bingwa wao alikuwa mwashi mmoja aliyeitwa Mzee Tofali, ambaye hakujua kutuma sauti ya chini ya dakika tano. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchora, Kalamu alipita kwa dada yake kwenye duka la dobi. Dada alibana simu begani, mkono mmoja uko kwenye pasi, wa pili unamfasiria.

"Anasema nini?" Kalamu aliuliza siku moja, baada ya kumwona dada akisikiliza mashati matatu mazima.

"Anasema mpira ulikuwa nje. Mengine yote ni kuku wake."

Mambo yalikwenda hivyo mwaka mzima. Halafu mchumba wa dada, ambaye kwa miaka sita alikuwa anasema mwakani, akakata kauli. Wakaoana, wakahamia mji mwingine mume alikopata kazi. Kalamu angeweza kumtumia dada zile sauti huko huko, lakini hakutaka kumsumbua bibi harusi kwa habari za kuku. Akaamua kusoma yaliyoandikwa na kuyaacha ya sauti. Zikarundikana: ishirini, arobaini, sitini na tatu.

Alhamisi moja, akiwa juu ya ngazi anamalizia herufi ya mwisho ya jina la gereji, simu ikatetemeka mfukoni. Mwamuzi mmoja kijana alikuwa ameandika mbele ya wote: "Kalamu, mzee wa watu anakusemesha siku ya tatu leo. Kama ni maringo, yaweke kando." Chini yake watu tisa walikuwa wameweka dole gumba.

Alirudi juu kwenye mazungumzo akaziona. Sauti tatu za Mzee Tofali, kila moja imeambatishwa kwenye ujumbe wake yeye, Kalamu. Alikaa kwenye kipago cha ngazi. Aliandika akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mara ya tatu akautuma ujumbe bila kuusoma upya:

"Samahani sana Mzee. Mimi ni kiziwi tangu utoto. Sauti zako nimeziona, sikuzisikia. Sikuwaambia kwa sababu humu nilipenda kuwa mwamuzi tu."

Kisha akaifunika simu kwa kitambaa cha kufutia brashi. Alijua kitakachofuata. Watampa pole nyingi, halafu wataanza kusema naye taratibu kama mgonjwa. Au mmoja atauliza ni nani aliyemruhusu kiziwi aamue mechi. Alipaka herufi ile mara mbili zaidi ya inavyotakiwa.

Alipofunua simu, pole hazikuwepo. Palikuwa na maandishi marefu ya Karani. Mama yule alikuwa ameacha chakula chake cha mchana, akafanya kile alichokuwa akifanya mahakamani kila siku: kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema.

"Sauti ya kwanza, dakika sita na nusu. Mzee anasalimia. Anauliza mvua. Jogoo anawika, Mzee anamfukuza. Anaanza kusema jambo, anaghairi. Sauti ya pili, dakika tano. Mzee anasema ana neno na Kalamu, ila leo zege linamsubiri. Sauti ya tatu. Mzee anasema: Kalamu mwanangu, wewe ndiye mtulivu humu. Sikio langu moja limeuawa na mashine ya kuchanganyia zege, na la pili linaliandama. Kwenye kituo cha kwanza tulifundishwa jicho liangalie mguu wa mkimbiaji, sikio lisikilize mpira ukigonga glavu ya mdakaji, ujue kipi kimetangulia. Mimi glavu siisikii tena. Wiki iliyopita nimewaonea watoto wawili. Nisimame wapi? Au nistaafu? Niandikie, mama watoto atanisomea, mimi na herufi hatuelewani. Kama jibu ni baya, usinijibu mbele za watu."

Chini yake Karani alikuwa ameongeza ya kwake: "Mzee alitaka faragha, lakini alituma kwa watu wote. Tuliisikia, tukakaa kimya. Aliyeitwa ndiye peke yake ambaye hakuisikia. Aibu ni yetu."

Kalamu aliisoma mara mbili, akashuka kwenye ngazi. Katika dunia nzima, hilo ndilo swali alilolijua kuliko mtu yeyote. Hakuna hata siku moja alipowahi kuisikia glavu.

Hakuandika. Alikwenda nyumbani, akachora kituo cha kwanza kwa chaki uani, akaweka ndala juu yake iwe mguu wa mkimbiaji. Glavu akaitundika kwenye kamba ya nguo. Simu akaiegemeza kwenye kopo la rangi, akajipiga video. Alisimama karibu: jicho kwenye ndala, jicho kwenye glavu, huku, kule, akatikisa kichwa, hapana. Akarudi nyuma hatua sita, akajivuta kidogo upande. Akavitazama vyote viwili bila kugeuza shingo. Akatandaza mikono, kisha akaituma video hiyo kundini.

Kesho yake Mzee Tofali alijibu kwa video, ya kwanza maishani mwake. Mwanzoni lilionekana paji la uso tu na ukingo wa kofia. Kisha simu ikawekwa chini, mzee akaonekana akirudi nyuma, anahesabu hatua kwa vidole, mpaka akagota kwenye ukuta wa banda. Akasimama hapo. Akaivua kofia akajifutia uso, na halikuwa jasho.

Yule kijana aliyemtuhumu maringo aliomba radhi mwenyewe. Karani aliongeza sharti moja: ukituma sauti, andika mstari mmoja chini yake. Mtu mmoja mwenye vidole vinene alinung'unika kwamba kundi limekuwa shule, akajitoa. Jumatatu akaomba kurudi. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea: watu wakaanza kuleta yaliyokuwa yanawakaa rohoni. Mmoja alikiri kuwa kuna kocha anamwogopa hadi anaamua kwa kumtazama usoni. Mwingine kwamba jua la saa kumi linampofusha naye hujifanya anaona. Kila mmoja alijibiwa, na hakuna aliyechekwa.

Mwezi wa nane palikuwa na mashindano ya shule, na Karani ndiye aliyepanga waamuzi. Mchezo wa asubuhi alimweka Kalamu nyuma ya mpigaji, na Mzee Tofali kwenye vituo. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mzee alikuwa mfupi kuliko alivyodhaniwa, na mikono mikubwa kuliko mwili.

Mara mbili mkimbiaji na mpira vilifika kituo cha kwanza kwa pamoja. Mara mbili Mzee alikuwa hatua sita nyuma, ameshaamua, hana wasiwasi. Kocha mmoja aliinuka kulalamika, akamwangalia mzee usoni, akakaa.

Baada ya mchezo walikaa kwenye benchi la mbao wakila mkate na mayai. Mzee aliongea muda mrefu, huku akimtazama Kalamu, mkono mmoja ukichora hewani. Kalamu alisoma midomo yake akapata kama theluthi. Kisha mzee akanyoosha vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji, akajaribu kusema "asante" kwa ishara aliyofundishwa na mtu asiyejulikana. Ilitoka vibaya sana. Kwa ishara za jikoni, lilikuwa tusi.

Kalamu alicheka mpaka mkate ukamkwama. Halafu akavishika vidole vile kimoja kimoja, akavikunja vinavyotakiwa kukunjwa, na kuuelekeza mkono mahali pake. Mzee akarudia. Bado. Akarudia tena.