Abiria wa Mshahara

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wote kama mtu aliyebatizwa jana, kwamba katika mji wa Saint Paul, huku Marekani, kuna mzee anayelipwa mshahara kwa kazi ya kupanda basi. Si kuliendesha wala kulifagia. Kulipanda tu, akae dirishani, ahesabiwe. Habari hiyo ilipikwa kwenye maegesho ya kanisa letu la wahamiaji wanaosema Kiswahili, mahali panapopikwa habari nyingi kuliko chai, na ilikuwa na viungo vyote: kwamba basi la kutoka mtaa wa Frogtown kwenda kitongoji cha Maplewood lilikuwa linakosa watu saa za mchana, kwamba wakubwa wa mabasi waliona aibu kuendesha viti vitupu, ndipo wakamtafuta Mkongomani mmoja mstaafu, mtu wa heshima asiye na haraka, wakampa ajira ya kuwa abiria. Wapo waliosema ana bima ya meno. Mimi niliongeza pensheni, maana habari ikipita mikononi mwangu haitoki kama ilivyoingia.

Mzee huyo amefariki, ndugu msomaji, na tumemzika katika ardhi iliyoganda kiasi kwamba ingekuwa rahisi zaidi kuchimba kaburi kwenye lami. Taarifa ilinifikia kwa ujumbe wa sauti nikiwa barabarani natoka kazini, nimebanwa katika foleni ya magari, hita imewaka, redio inaongea. Nilitazama kulia nikaona mtu mmoja ndani ya gari lake. Nikatazama kushoto, mtu mmoja. Nilitaka kumwambia mtu kwamba yule mzee amekufa, nikakumbuka kwamba humo ndani nipo peke yangu, nikauambia usukani.

Sikuwa rafiki yake wa karibu, nisije nikajipamba kwa maiti ya mwenzangu. Tulifahamiana kama watu wa kanisa moja wanavyofahamiana: unajua koti la mtu, unajua sauti yake kwenye pambio, hujui anakula nini jioni. Alikuja hapa na mkewe na watoto kutoka upande wa mashariki ya Kongo, akafanya usafi katika hospitali moja ya Maplewood mpaka akastaafu. Mkewe akafariki. Watoto wakasogea, mmoja kitongoji cha Woodbury, wengine majimbo ya mbali. Yeye akabaki Frogtown, nyumba ya pili kutoka kona, hatua chache kutoka kituoni. Na hapo ndipo uvumi ulipopata miguu, kwa sababu mtu aliyestaafu kazi hospitali aliendelea kupanda basi lilelile, kila mchana, kwenda na kurudi, na mkononi hana hata mfuko wa nyanya.

Sisi watu wa hapa tuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Ukimwona mwenzako kituoni wakati wa baridi, unasimama. Usiposimama, ikifika Jumapili umeshakuwa mtu mbaya. Na aliye kituoni naye ana sheria yake: anapanda. Kukataa lifti ni sawa na kukataa chakula cha mtu, lazima kuna jambo. Basi siku moja ya Januari, baridi ya kugandisha maneno kabla hayajamfikia unayemwambia, nilimkuta kituoni kwenye barabara ya University Avenue, amejifunga skafu mpaka yamebaki macho. Nikasimama, nikashusha kioo, nikamwambia apande nimpeleke anakokwenda, hata kama ni Kanada. Akasema anangoja basi lake. Nikamwambia, mzee, utaganda hapa. Nyuma yangu magari yalishaanza kupiga honi.

“Mwalimu,” alisema, jina alilonipa siku nilipohitimu shule ya jioni na kuvaa joho mpaka dukani, “motokari yako iko na viti tano. Kila siku naona unapita humo mutu mumoja. Bon, endelea. Unafunga watu njia.”

Nilicheka hadi nikaipita kona yangu. Na nikaondoka nimethibitisha: mtu anayekataa gari lenye hita katika baridi ile ni mtu aliye kazini, anaogopa msimamizi.

Elimu, bwana wee, inaweza kumsaidia mtu kuamini upuuzi kwa mpangilio mzuri zaidi. Shule ya jioni nilisoma kidogo mambo ya uchumi wa miji, na mhadhiri wetu alipenda kusema kwamba miji ya kaskazini yenye ukubwa wa kadiri, kama hii yetu miwili iliyoshikana, Saint Paul na jirani yake, inaishi kwa kuvutana na nafsi yake. Inajenga treni katikati, kisha inapeleka ajira pembeni, kwenye maghala na hospitali na maduka yaliyozungukwa na maegesho mapana kama uwanja wa ndege. Mfanyakazi anaifuata kazi, gari linamfuata mfanyakazi, mkopo unalifuata gari. Basi linabaki likizunguka mtaa waliouhama watu. Mimi nikachukua maarifa hayo yote, nikayafungasha, nikawaelezea wenzangu pale maegeshoni kwamba kumlipa abiria ni sera inayoeleweka kabisa, inaitwa kuchochea mahitaji. Mmoja akauliza kama nafasi nyingine zipo.

Kisha ikatoka habari ya kweli, kwamba safari za mchana za basi lile zitakoma theluji ikiyeyuka, kwa kuwa watu ni wachache. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, baada ya mchango wa harusi na kabla ya mazoezi ya kwaya, mzee alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema kwa ule upole wa Wakongomani kwamba basi linakufa, na linakufa kwa sababu sisi hatuliingii, na kwamba anaomba kila nyumba ije mara moja tu, Jumamosi, iende nalo Maplewood na kurudi, ili tuonekane. Alisema ataleta chai ya tangawizi kwenye chupa. Kanisa likacheka kwa upendo, kama unavyomcheka babu yako. Mama mmoja Mkenya, muuguzi, akanong'ona nyuma yangu kwamba mzee anatetea ugali wake, kibarua kikiota nyasi atafanya nini. Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Tukiwa tunatoka nilimshika bega, nikamtania, “Mzee, kwani wanakulipa vizuri hivyo?”

Akacheka, meno yote nje. “Wananilipa sana, mwalimu. Bila ile malipo siwezi ishi.”

Sasa ungekuwa wewe, ungehitaji ushahidi gani tena?

Jumamosi ile walikwenda wachache. Kina mama watatu wanne, na kijana ambaye gari lake lilikuwa gereji. Wanasema mzee aliwatambulisha kwa kila aliyepanda, kama mwenye harusi anavyotambulisha ukoo: huyu ni shemeji, huyu anatengeneza sambusa kushinda wote, yule bibi wa Kihmong, watu wa Asia, pale mbele anatoka kwa daktari wa macho, mumwombee. Wanasema walicheka njia nzima, na wakarudi na manunuzi kutoka duka la University Avenue ambalo wamelipita kwa gari miaka yote bila kujua linauza dagaa. Lakini Jumamosi iliyofuata theluji ilianguka, na gari liko pale mlangoni, na lina hita. Hakwenda mtu.

Nimekuwa nikilifikiria duka lile la dagaa. Tunajadili sana kama miji hii ina mustakabali, nani ataleta ajira, reli ipite wapi, nyumba zijengwe Woodbury au katikati. Ni maswali mazuri na nina majibu kwa yote, niulizeni. Ila mji unakula pia kwa miguu ya wanaoshuka kituoni na kuchungulia dirisha la mtu. Anayepita kwa gari haoni duka, na mwenye duka haoni mteja, na mwisho wa yote kila mmoja anasema mtaa umekufa. Tulilitafuta gari kwa jasho, na tulikuwa na haki. Kwa wengi wetu ndilo ajira yenyewe, bila hilo hufiki ghalani zamu ikianza alfajiri. Sijauza langu na sitaliuza. Nasema tu kwamba tulipolinunua hatukuambiwa kitakachokatwa zaidi ya pesa.

Baada ya maziko tulikula ukumbini pale kanisani, wali na sombe, yale majani ya muhogo ya Kikongo, watoto wakizungumza Kiingereza chao pembeni. Akaingia mwanamke wa makamo, amevaa sare ya madereva wa basi, hakuna aliyemjua. Alikuwa Mkenya. Nilimpa kiti na sahani ya wali, na kwa kuwa mimi huongea hata na ukuta, nikamwuliza alimjuaje marehemu. Akasema alikuwa abiria wake. Ndiye aliyeona kiti chake kitupu, na siku ya pili kitupu tena, akashuka kituoni na kuuliza dukani mzee wa skafu anakaa wapi, ndipo polisi wakaitwa, mlango ukafunguliwa. Tulikuwa tumepita mbele ya nyumba ile siku zote mbili, mimi na nusu ya kanisa, hita zimewaka.

Nikamwambia, ili kupunguza uzito wa maneno yale, kwamba idara yao ya mabasi imepoteza mfanyakazi wake bora. Hakuelewa. Nikamweleza habari yote, mshahara, bima ya meno, hata ile pensheni yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaiweka sahani chini.

“Ndugu yangu, hakuna mtu alikuwa anamlipa,” alisema. “Hakuwa tu na mtu wa kuongea na yeye.”