Mkono wa Bomba Uliovunjikia Mikononi Mwangu

Harufu ya kijiti cha kuchomelea kinapoungua haifanani na moshi mwingine. Ina ukali kama wa chumvi iliyomwagikia makaa, na chini yake kuna utamu mbaya wa rangi inayoungua pembeni mwa chuma. Naishi na harufu hiyo kila siku, maana ndiyo kazi yangu hapa Nachingwea: natengeneza mageti, vitanda, na matela ya kubebea korosho. Wateja huniuliza kama hainikeri. Hainikeri. Ila kuna asubuhi, kabla sijavaa miwani, hunipanda kichwani pamoja na hasira niliyodhani imekwisha. Hapo najikuta nimerudi kijijini kwetu, upande wa Nambilanje, mtoto wa darasa la tano aliyelala chali kwenye tope la kisimani, kipande cha chuma mkononi.

Sikilizeni kisa chenyewe, halafu mniambie kama nina kosa.

Nilikuwa mtoto mnene. Bibi yangu alikuwa hivyo, shangazi zangu hivyo, na kwetu ugali wa muhogo uliliwa kwa kushiba. Shuleni waliniita Tinga, kifupi cha tingatinga, nami niliitika bila kinyongo, kwa sababu nilikuwa na nguvu kuliko wavulana wengi na nilijua. Pale kwenye bomba letu la kusukuma kwa mkono, akina mama walinikabidhi ndoo zao. "Hebu Somoe, tusaidie, sisi vifua vimechoka." Nasukuma, maji yanaruka, wao wananiombea dua. Hakuna aliyelalamikia unene wangu siku hizo.

Kiangazi kimoja mkono wa bomba ukapata ufa. Ulikuwa wa chuma kinene. Kamati ya maji, iliyoongozwa na jirani yetu Bi Fatu, ikamwita fundi Chande kutoka Ruangwa mjini. Alikuja na jenereta na mashine ndogo nyuma ya pikipiki, tukamkimbilia watoto wote kama tumeletewa sinema. Alianzia dukani, akachomelea mlango wa bati jembamba, taratibu, asilitoboe. Halafu akaja kisimani. Akaukata mkono wa bomba pale penye ufa, akazisugua kingo kwa tupa, akaunganisha upya kwa mashine ile ile, bila kugusa waya zake wala kuongeza moto. Mshono ulitoka umevimba vizuri, umepangika kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Watu wakampigia makofi. Na mimi nilipiga.

Siku chache baadaye nilikuwa nasukuma maji ya Bi Fatu mwenyewe. Nataka mlijue hilo. Ndoo ilikuwa yake, na alinituma yeye. Mkono ukakatika, na hata mlio wa maana haukutoa. Tk tu, kama ukuni mkavu. Nikaanguka chali, kichwa kikagonga ukingo wa saruji. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Nilichosikia ni sauti ya Bi Fatu: "Haya! Tinga ameua bomba!"

Fundi Chande akaitwa tena. Akaokota upande mmoja wa chuma, akauinua juu watu wauone. "Mshono wangu huu hapa, haujapata hata ufa. Mimi nilichomelea bomba la watu, sikuchomelea bomba la tembo."

Wakacheka. Wale wale waliokuwa wakiniombea dua walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kipande cha pili nilikuwa nacho mimi. Nilikigeuza, nikaona kitu ambacho hata mtoto angekiona: uso uliovunjika ulikuwa laini, na mikwaruzo ya tupa bado imo vile vile, kana kwamba moto haukufika kabisa. Nikasema, "Fundi, mbona huku ndani hapajashika?"

"Mtoto wa kike unajua nini habari za chuma?" akanijibu.

Bi Fatu akamalizia, "Umeshaharibu, na bado unajibizana na watu wazima?"

Ikaamuliwa nisiguse bomba tena. Fundi akachomelea kama alivyochomelea mwanzo, akaondoka. Tangu hapo mama ndiye aliyesukuma, na mimi nilisimama kando na ndoo yangu kama mwenye ukurutu, watoto wadogo wa darasa la pili wakinipita kwenda kusukuma na kunitazama kwa huruma. Mpaka leo sijui kipi kiliuma zaidi, kile kicheko au ile huruma.

Haikuchukua muda, mkono ukakatika mara ya pili, pale pale, mikononi mwa Siwema. Siwema alikuwa binti wa Bi Fatu, mwembamba kama ufito wa kujengea. Niliposikia nilikimbia mbio, nikiamini leo haki yangu imefika. Nikamkuta Bi Fatu anawaeleza watu, "Hili lilishalegezwa na Somoe tangu siku ile."

Mama yangu hakuwa msemaji. Kiswahili kilimchosha, alizoea Kimwera. Siku hiyo alitua ndoo, akauliza kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Fatu, fundi si alichomelea upya? Mwanangu amelegeza lini, na hagusi?"

Akina mama walianza kukung'uta ndoo ambazo hazikuwa na kitu.

Bomba likabaki bovu, na kiangazi chote kilichobaki tulichota maji mtoni, tukifukua mchanga mpaka maji yajikusanye, rangi ya chai ya maziwa. Siku moja nilikuwa ndani ya shimo, nafukua huku nalia, nikamwambia mama kwamba labda ni kweli, labda mimi ni mzito kupita kiasi. Akaacha kuteka. "Uzito wako mimi ndiye niliyeubeba," akasema. "Haukunivunja. Utavunja chuma?"

Miaka ikapita. Nilipopata nafasi ya chuo cha ufundi, niliandika kuchomelea vyuma, na waliodhani nimekosea wakanishauri ushonaji. Huko ndiko nilikokutana tena na ule uso laini. Tulipewa vipande vya chuma kinene tuunganishe kwa namna tofauti, kisha tuvivunje kwa nyundo. Kwenye mashine ya mkondo mnyoofu, umeme huenda upande mmoja tu. Ukiunga waya ya kijiti upande wa chanya, moto huzama ndani ya chuma. Ukiiunga upande wa hasi, kijiti chenyewe huyeyuka haraka na moto hauzami sana. Ndivyo watu hufanya kwenye bati jembamba ili wasilitoboe. Mkondo geu, ule wa kwenda na kurudi, kina chake kiko katikati. Kipande changu cha chanya kilinitoa jasho, kikapinda kabla ya kupasuka. Cha hasi, tena nilichokiunganisha kwa moto mdogo, kilibanduka kwa pigo moja. Juu mshono mzuri, ndani mikwaruzo ya tupa.

Nilikaa chini. Wenzangu walidhani nimeunguzwa.

Siwezi kuapa waya za fundi Chande zilikaaje siku ile. Lakini nilimwona akitoka kwenye bati akaingia kwenye chuma kinene bila kubadilisha chochote, na ndani ya chuma niliona kwa macho yangu. Wala hilo peke yake lisingenikasirisha hivi. Waya hata mimi nimewahi kuzisahau; mteja akirudi, nakata, narudia, naomba radhi.

Mwaka jana nilienda nyumbani kumsalimia mama, nikapita kwa Bi Fatu. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye mkeka wake, nikamweleza yote taratibu. Alisikiliza; macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Mwisho akanipigapiga goti. "Kumbe! Basi yameisha hayo, mwanangu. Wewe ulikuwa mtoto tu."

Niliaga nikatoka, maana ningekaa ningemkosea adabu mtu mzima. Njiani ndipo nilipoelewa. Fundi Chande ndiye peke yake aliyefika na mashine katika vijiji vyote vile. Akikasirika, nani angekuja? Siwema alikuwa na mama mwenyekiti. Pale kisimani alihitajika mtu wa kubeba lawama, na hakuna aliyehitaji kuamini kwamba nilikuwa mzito. Ilitosha kwamba nikilaumiwa, hakuna ambacho kijiji kingepoteza. Nilikuwa mtoto, ndiyo, Bi Fatu. Ndiyo sababu mlinichagua mimi.