Shamba la Kiangazi na Kuku Mkalimani

Mambo yote yalinigharimu mbuzi dume mmoja na nusu kikombe cha mbegu za maboga. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mbuzi hayupo.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ya Bukama ilikuwa imeacha kuleta samaki, na wenye bunduki walikuwa wananunua sokoni kwa macho makali tu. Mama mkwe wangu alikimbia kijiji chake akafika kwetu Kamina na kikombe kimoja cha mbegu. Watoto wangu walikuwa wanakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, tena ile laini ya kunywewa. Mbegu zile zisingeota, hata hiyo mara moja ingekwisha.

Mama alijua kulima kiangazi, mvua ikiwa bado mbali. Shida ilikuwa buko: kwetu Waluba, mwanaume na mama mkwe hawatazamani wala hawaongei. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na buko inataka uwanja wa ndege kama ule wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina. Mke wangu, ambaye angetupelekea maneno, alikuwa sokoni. Basi mama akakaa nyuma ya ukuta wa majani, mimi nikampa mgongo, tukaongea na kuku wetu, kila mmoja akimtuma kwa mwenzake.

"Weye kuku, ambia ule bwana achimbe mpaka kiwiko iingie, iguse muchanga ya baridi. Kule njo kwenye maji iko. Aweke udongo ya kichuguu, mbegu, na majani ya kukauka. Shimo asiijaze."

Nilitazama jua, nikatazama jembe. Mimi ni mtu wa soko. Bei ya kwanza siikubali.

"Kuku, uliza mama: nusu kiwiko haitoshi?"

"Kuku, ambia ye udongo haipunguzake bei."

"Robo tatu, kuku. Njo bei ya mwisho."

Sikungoja jibu. Nikahesabu mama amekubali, nikapanda nusu ya mbegu kwa kina kisichofika hata bei yangu mwenyewe.

Kesho yake majani yametawanyika, mbegu hazipo. Mkalimani alikuwa amepita akifukua, na kwa kina changu hakutoka hata jasho.

"Aksanti, kuku," mama alisema. "Umefundisha ye."

Nusu kikombe kilichobaki sikuweza kukikabidhi tena kwa mdomo wa kuku. Nikampelekea mama mbuzi niliyekuwa nimewaficha wenye bunduki chumbani, maana ndivyo buko inavyofunguliwa. Akanitazama usoni mara ya kwanza tangu nioe.

"Ah! Kumbe njo weye? Leta mukono."

Akausukuma shimoni mpaka kiwiko kikazama. Chini mchanga ulikuwa baridi kama tumbo la chura.

Maboga yaliota bila tone la mvua. Watoto walikula majani kwanza, kisha maboga yenyewe, na bukari ikarudi kuwa ya kutafunwa.

Lakini mdomo uliofunguliwa kwa mbuzi haujafungwa. Mpaka leo mama ananisahihisha ninavyopiga mswaki, ninavyohesabu chenji, na kunikumbusha vile marehemu kuku alikuwa msikivu kuliko mimi.

Wazee mnaojua desturi, ninaomba shauri: mama mkwe akirudisha mbuzi, buko inarudi? Hata nusu ya mbuzi nitapokea.