Fundo Jekundu la Bi Uzi

Asubuhi ya kuanza safari ya siku tisa milimani, Bi Uzi alitia vitu vitatu katika mfuko wa koti: kipande cha nta, sindano nene, na kisu chembamba cha kufumulia mishono. Nta na sindano vilikuwa vya kazi. Kisu kilikuwa kwa ajili ya shemeji yake.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi wa mabegi katika chumba cha nyuma cha duka linalokodisha vifaa vya mlimani. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na cherehani moja nzito, mabegi yaliyoning'inia kwenye misumari kama popo, na harufu ya turubai bichi. Mwaka jana begi la mgeni lilitumbukia korongoni. Kiongozi wa msafara, mume wa mdogo wake, akarudi kumwambia bosi kwamba mkanda uling'oka kwa ubovu wa mshono. Kumbe mwenyewe ndiye aliyefunga kamba kwenye mkanda mmoja wa bega na kulishusha jabalini, kwa uvivu wa kulibeba. Mpishi aliona, lakini nani alimuuliza? Bi Uzi akaachishwa kazi siku hiyohiyo. Tangu hapo akawa anashona sare za shule nyumbani, na kila alipokanyaga cherehani alikuwa anakanyaga shingo ya mtu mmoja.

Mpishi huyo, mwanamke mnene asiyekaukiwa maneno, ndiye aliyemwandikisha safari hii kuwa msaidizi wake. Kiongozi alipomwona langoni alicheka kwa meno tu.

“Karibu, shemeji. Ila huku juu hakuna cherehani.”

“Ndiyo maana nimekuja na mikono,” akajibu.

Walipanda asubuhi nzima, wageni watano na wapagazi saba, njia ikiwa matope na mizizi. Mikanda ilimkata mabega, magoti yakamlalamikia, lakini hakubanduka nyuma ya shemeji yake. Macho yake yalikuwa kwenye begi la buluu alilolibeba bwana huyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: afumue nusu ya mshono wa bega leo, begi lishike mpaka kesho, kisha limalizikie kwenye korongo lilelile. Nguo, blanketi na majivuno, vyote chini.

Mchana walipumzika kijitoni. Kiongozi aliwapeleka wageni kutazama maporomoko, na Bi Uzi, akijifanya anasuuza vikombe, akalivuta begi la buluu. Alipopapasa apate pa kuanzia, aliona lebo yenye jina la fundi imebanduliwa kwa wembe, nyuzi zake bado zimesimama. Akainua mkanda wa kiuno. Chini yake palikuwa na fundo la uzi mwekundu, dogo kama punje ya mtama.

Fundo hilo alilifunga kwenye kila begi aliloshona mwenyewe tangu mwanzo, na hakumwambia mtu. Fundi naye ana siri yake. Basi huyu bwana aliyetangaza kwamba mishono yake imeoza, katika mabegi yote ya duka alichagua la mikono yake, akabandua lebo watu wasijue.

Hasira yake haikupoa, iliota macho. Aligusisha kisu kwenye uzi, mkono ukakataa. Mkanda huu ukikatika kesho, shemeji atakuwa amesema kweli.

Akarudisha kisu mfukoni, akaosha vikombe.

Kila jioni kambini, kabla ya chakula, kiongozi hukagua mizigo: hunyanyua kila begi kwa mkanda mmoja, hulitikisa mara tatu, na kutoa taarifa kwa bosi kwenye redio ya mkononi. Kwa kuwa mikono yake huwa na kazi, mpishi ndiye hushika redio na kubonyeza kitufe. Lilipotikiswa la mwisho, Bi Uzi akauliza kwa upole, “Na lako?”

Kiongozi akasema la kiongozi halikaguliwi.

“Kwani lenyewe mwali, halitoki nje?” akauliza mpishi, kidole bado kwenye kitufe.

Wageni walikuwa wanatazama. Akalinyanyua, akalitikisa, likashika. Bi Uzi akageuza mkanda wa kiuno na kumwomba mgeni mmoja, daktari wa meno, aseme anaona nini. Fundo jekundu, akasema daktari.

“Bosi, hiyo ni alama yangu,” Bi Uzi akaiambia redio, “shusha begi lolote nililoshona hapo ukutani. Tazama chini ya mkanda wa kiuno.”

Mpishi akaachia kitufe. Walisikia vifungo vikigongana.

“Lipo,” bosi akasema. “Kiongozi, mshono huo mbovu umeubeba muda gani?”

Mpishi akabonyeza tena, kiongozi akatazama viatu vyake. “Miaka minne.”

“Na lile la korongoni lilikuwaje?”

“Hatimaye nimeulizwa,” akasema mpishi, na akaeleza kila kitu, kamba na jabali, bila kumeza mate.

Bosi alisema cherehani inamsubiri Bi Uzi, na kwamba wakirudi kiongozi aanzie ofisini kwake. Shemeji akainama kulinyanyua begi, akamsogezea mpagazi mmoja.

“Libebe mwenyewe,” Bi Uzi akamwambia. “Bado siku nane. Nitakuwa nyuma yako.”

Kwa kawaida kiongozi hupakuliwa wa kwanza. Jioni ile Bi Uzi alishika upawa, akaanza na wapagazi, akaja kwa wageni, akajipakulia yeye. Mwisho kabisa akamkwangulia shemeji yake ukoko.