Chumvi Kwenye Moto wa Roketi

Karakanani walimwita Mama Sumaku, na yeye aliitikia. Kazi yake ilikuwa kupima kasi ya moshi unaofoka mkiani mwa roketi, na njia yake ilikuwa moja tu: unatia chumvi kwenye moto ili upitishe umeme, unaupitisha katikati ya sumaku mbili, kisha mita inasoma umeme unaozaliwa. Moshi ukienda kasi, umeme unazidi. Wenzake walipima kwa njia nyingine, wakamtania kwamba anaunga mboga. Alicheka nao, ila moyoni aliapa kwamba iko siku watamtaka radhi.

Ujana wake wote uliishia humo. Sikio la kushoto lilikufa kwa ngurumo za injini, na la kulia lilikuwa linachungulia kaburi.

Sasa wakubwa walitaka jaribio la mwisho. Namba ikitoka sawa, njia yake ingekubaliwa, naye angestaafu akiwa ameacha kitu. Injini ikawashwa, kuta zikatetemeka, mshale wa mita ukapanda, ukatulia pale pale ulipozoea kutulia miaka yote. Mkuu wa karakana, mtu bahili wa sifa, akampa mkono. Mama Sumaku akaenda kufunga valvu, kile kilango kinachopitisha chumvi kwenda motoni, akaikuta imefungwa tayari. Hakuna aliyekumbuka kuifungua.

Bila chumvi, mshale ulipaswa kulala. Basi umeme ule haukutoka kwenye moshi. Ulitoka kwenye nyaya zake mwenyewe, zilizotikisika mbele ya sumaku kila injini iliponguruma. Miaka yote hiyo hakuwahi kujaribu bila chumvi. Nani hupika bila chumvi makusudi?

Angeweza kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai, akarudi kwa Mkuu.

"Mkuu, valvu ilikuwa imefungwa."

"Mbona namba imetoka ile ile, dada?"

"Ndiyo hiyo shida yenyewe."

Mkuu akawaambia vijana wazifungue zile sumaku, waziondoe.

Jioni mumewe aliuliza habari za kazi, naye akamweleza yote bila kuficha. Mzee akauliza tena:

"Kwa hiyo katika zile namba zako zote, hata moja haikuwa ya kweli?"

"Sijui, baba watoto. Na sasa sina tena pa kujulia."